Ukumbi wa Shangani, ufukwe wa Msimbati au kiwanja cha bibi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimelelewa na bibi yangu hapa Mikindani. Mchumba wangu ni mtu wa Newala, anafanya kazi Mtwara mjini. Wazee wamekubaliana tuoane mwezi wa Shaaban, Jumamosi ya katikati ya mwezi. Kamati imechagua ukumbi Shangani, Mtwara mjini, kwa shilingi 1,500,000, bila chakula wala mapambo, na orodha yao imefika watu 350. Mchumba wangu anataka sherehe ifanyike ufukweni Msimbati, saa kumi alasiri. Moyo wangu mimi uko kwenye kiwanja cha bibi, chini ya mwembe, na watu wasiozidi 120. Mjomba anasema harusi ya nyumbani itatuaibisha, watu watadhani tumeshindwa. Malipo ya awali ya ukumbi yanatakiwa wiki ijayo. Tufanyeje? – Mwali wa Mikindani*

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu awatimizie nia yenu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonigusa ni kwamba umenitajia mahali patatu, lakini katika wageni wote hao umenitajia wawili tu, bibi yako na mjomba wako. Nakuomba uanzie hapo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kaeni wewe na mchumba wako na daftari, muandike watu ambao wasipokuwapo mtaona kwamba harusi yenu haikukamilika. Kisha mbele ya kila jina andikeni anatoka wapi, atalala wapi, anaweza kutembea umbali gani, na kama anakaa vizuri kwenye kiti au kwenye mkeka. Daftari hilo litawaonyesha mahali panapowafaa kuliko picha yoyote ya ukumbi uliopambwa.

Niseme wazi kwa nini nalishikilia jambo hili. Mimi niliolewa Lindi, katika ukumbi mkubwa ambao sikuuchagua, na shangazi zangu waliotoka Mtama wakapangwa nyuma ya nguzo, karibu na mlango wa jikoni. Gari lao liliondoka mapema, nami nikiwa bado nimekaa jukwaani napigwa picha. Siku ya tatu ndipo nilipoambiwa kwamba mmoja wao alikuja na doti ya kanga aliyoizungushia gazeti, akitaka kunipa mkononi, na akarudi nayo kwa sababu hakupata njia ya kunifikia. Kanga hiyo aliniletea baadaye, ninayo mpaka leo, lakini mkono wake siku ile sikuupata.

Sasa fanya hesabu ya ukumbi wa Shangani. Mkimpa kila mgeni nusu dakika ya salamu, watu 350 watachukua dakika 175, yaani karibu saa tatu nzima, kabla ya chakula, keki na zawadi. Hakuna mshereheshaji atakayewapa muda huo. Wageni wenu wengi mtawaona kwa mbali, na wale wa Newala watakula na kuanza kulitafuta basi.

Kuhusu Msimbati, ninaelewa kabisa kinachomvuta mchumba wako, kwa maana mchanga ule na mikoko ya upande ule ni fahari ya mkoa wetu. Tatizo liko kwenye siku na saa. Katikati ya mwezi wa Kiislamu mwezi huwa mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka kuliko kawaida. Katika pwani yetu bamvua hujaa jioni kuanzia kama saa kumi hadi saa kumi na moja. Maana yake ni kwamba maji yatafika juu kabisa ya ufukwe saa ileile mliyoipanga, na viti mlivyovipanga mchana vitahamishwa wageni wakiwa wamesimama. Mvuvi yeyote wa Mikindani atawaeleza hayo bila kutazama kitabu. Isitoshe, Shaaban miaka hii inaangukia karibu na Januari, wakati mvua za kusini zimekwisha kuanza, na ufukweni hakuna pa kukimbilia. Eneo lile pia limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo mkusanyiko wowote unahitaji kuulizia taratibu mapema. Na wageni wa Newala, ambao watakuwa wameshasafiri zaidi ya kilomita 100, wataambiwa waendelee tena na safari. Mwambie mchumba wako Msimbati isiachwe, bali iwe ya siku ya pili, asubuhi maji yakiwa yametoka, mkaenda ninyi wawili na marafiki wachache kupiga picha na kula samaki.

Basi tunabaki na kiwanja cha bibi, na hapa sitaki nikuunge mkono kwa sababu tu moyo wako umependa. Kiwanja ni lazima kipimwe. Kwa wageni wanaokaa mezani, kadiria mita moja na nusu ya mraba kwa kila mmoja. Watu 120 watahitaji mita za mraba 180, sawa na eneo la hatua ndefu 12 kwa 15, bila kuhesabu sehemu ya wapishi, ambayo ikae upande ambao upepo hautaleta moshi kwa wageni. Mkiwaweka wazee na akina mama kwenye mikeka, kama ilivyo desturi yetu, nafasi itaongezeka. Maturubai mkodi hata kama mbingu ni nyeupe, na wiki moja kabla mchimbe mfereji mdogo wa kupitisha maji, kwa sababu mvua ya nusu saa inatosha kuufanya udongo ule usikanyagike kwa viatu vya harusi. Mwembe kama bado una maembe, yaangushwe yote siku moja kabla.

Choo ndicho kinachoharibu harusi nyingi za nyumbani, na watu huona haya kukizungumza. Choo kimoja hakiwatoshi watu 120. Nendeni kwa majirani watatu, mwombe vyao, vioshwe, viwekewe maji na ndoo, na pawepo kijana wa kuwaelekeza wageni. Jenereta ikodiwe, kibali cha muziki muombe mapema serikali ya mtaa, na shehe mwambieni kwamba nikahi itafungwa nyumbani mnapopeleka ile taarifa ya kukusudia kuoana, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka itolewe siku 21 kabla.

Lipo jambo moja linaloweza kubadilisha ushauri wangu wote, nalo ni michango. Kwetu aliyechanga anatarajia kadi, na ana haki nayo. Mwulizeni mweka hazina wa kamati ni watu wangapi wameshatoa, wala si walioahidi. Kama waliotoa, pamoja na ndugu wa pande zote mbili, hawafiki 150, simamisheni kugawa kadi za michango leo hii na kiwanja kitawatosha. Kama wamepita 200, basi kiwanja cha bibi hakitawabeba, na heshima yenu itakuwa katika kutafuta ukumbi wa kiasi pale Mikindani au karibu na hapo, nikahi ikabaki nyumbani kwa bibi ili naye aione bila kupandishwa gari. Katikati ya namba hizo, kipimo cha kiwanja ndicho kitakachoamua.

Mjomba wako usimchukulie kama mpinzani. Kwa sisi watu wa kusini mjomba ndiye anayesimama mbele ya watu kwa ajili ya mtoto wa dada yake, na lawama ya harusi mbaya humwangukia yeye kwanza; hofu aliyonayo ni ya mtu anayekupenda. Usimwambie kwamba hutaki ukumbi. Mweleze kwamba ile shilingi 1,500,000 itanunua mchele, nyama na maturubai, kwamba kila mgeni atakula akashiba na atakushika mkono, na kwamba yeye mwenyewe atawapokea wakwe mlangoni pa mama yake mzazi, kama bibi huyo ndiye aliyemzaa. Sioni jinsi mtu anavyoaibika kwa hilo.

Malipo ya awali yanatakiwa wiki ijayo, kwa hiyo muda si mrefu. Mweka hazina mwoneni kesho, na Jumapili mwombe mjomba aje Mikindani mapema, kabla jua halijawa kali, mkakipime kiwanja pamoja, yeye akihesabu hatua na mchumba wako akiandika, bibi akiwa amekaa barazani anawatazama.