Nusu dola ya 1807 yenye 50 juu ya 20: si adimu

Umeuliza kama hiyo nusu dola ya Marekani ya 1807 yenye 5 iliyogongwa juu ya 2 ni adimu. Hapana mkuu, ni Overton 112 (namba yake kwenye orodha ya Overton ya aina za nusu dola) na inapatikana kirahisi tu. Kisa ni kwamba enzi hizo pale kiwanda cha sarafu cha Philadelphia namba na nyota zilikuwa zinagongwa kwa mkono moja moja kwenye muhuri (chuma cha kugongea sarafu), fundi akakosea akaanza 20 badala ya 50 C (senti 50), akarekebisha juu kwa juu, kwa hiyo kila sarafu iliyotoka kwenye muhuri ule ina kosa hilohilo. Chukua lenzi uangalie ndani ya 5 utaona mkia wa 2 umebaki. Ya kutafuta mwaka huohuo ni Overton 111b, muhuri ulikuwa umechoka ukapata nyufa hadi Liberty, yule mwanamke kwenye sarafu, anaonekana kaota ndevu kidevuni, hiyo wakusanyaji wanagombania kweli. Ila kama ishasuguliwa na dawa ya kung'arishia fedha bei inashuka sana, hata iwe ya ndevu, nshauziwa moja ya hivyo na bado inaniuma.