Kuweka IST kwenye stendi nyumbani: jibu kwa mdau wa Kigamboni

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubadilisha breki pedi na stabilaiza linki za mbele (vifimbo vifupi vinavyoiunga fimbo ya stabilaiza, ile inayopunguza gari kulala kwenye kona, na miguu ya tairi) za Toyota IST yako hapo nyumbani. Ulichonacho ni jeki iliyokuja na gari, uwanja wa mchanga wenye kipande cha pevingi karibu na geti, na tofali za inchi 6 zilizobaki kwenye ujenzi. Kazi unaiweza, haina maajabu. Ila hizo tofali jengea ukuta, na hiyo jeki ibaki kwenye buti kwa ajili ya pancha.

Mimi nilianza kama spana boi kwenye gereji ya uchochoroni Tabata. Siku hizi nala mkate kwingine, lakini magari ya nyumbani bado nayashika mwenyewe. Katika niliyoyaona huko, sijawahi kukuta stendi (kile kiguzo cha chuma chenye miguu kinachobeba gari baada ya jeki kulinyanyua) nzima, isiyo na kasoro, imevunjika kwa uzito wa gari dogo. Nilichokiona ni gari kusogea. Linasogea kidogo tu, mbele au pembeni, stendi inalala, gari linashuka. Kwa hiyo watu wakibishana stendi iwe ya tani 2 au tani 3, mimi huuliza kwanza: hilo gari limezuiwa na nini lisitembee?

Wengi watakujibu: nimevuta hendibreki na nimeweka P. Haya, tuangalie. Hendibreki ya magari yetu mengi inashika tairi za nyuma. P, gia ya kuegesha ya gari la otomatiki, inafunga zile tairi zinazovutwa na injini, na kwenye IST ya kawaida, isiyo ya kuvuta tairi zote nne, hizo ni za mbele. Ukinyanyua mbele kote, P haina kazi tena, tairi zake ziko hewani. Na si lazima unyanyue zote mbili. Ukinyanyua moja tu, difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) inairuhusu ile iliyo chini izunguke huku ya hewani ikizunguka kinyume, kwa hiyo P imekufa vilevile. Iliyobaki ni hendibreki ya nyuma peke yake, na wewe unajua waya wa hendibreki yako una umri gani.

Sasa chukua gari linalosukumwa na tairi za nyuma, kama Toyota Mark II GX100. P inafunga tairi za nyuma, na breki ya maegesho nayo ni ya nyuma. Nyanyua nyuma, gari halina kinachoizuia hata kidogo, na muda wote ndani umeweka P na umekanyaga breki ya maegesho, roho yako imetulia. Hii niliishuhudia. Fundi mwenzangu alikuwa anafungua propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), nyuma ipo kwenye stendi, sakafu kwa macho ni tambarare. Alipoivuta spana kwa nguvu nilisikia kokoto zinasagika chini ya tairi la mbele, mlio mdogo kama mtu anatafuna karanga, na stendi zote mbili zikaanza kuinama upande mmoja. Gari lilikaa juu ya tairi la spea lililokuwa limelazwa chini ya ubavu. Yeye alitoka akiwa na mchubuko begani. Kilichomwokoa ni lile tairi, na halikuwekwa kwa ujanja wowote, mzee wetu wa gereji alikuwa mkali tu juu ya hilo.

Kwa hiyo kabla hujagusa jeki, tafuta kabari. Kata pande la mbao ngumu kwa mshazari, la kufika walau robo ya urefu wa tairi. Tairi zinazobaki chini zipigwe kabari mbele na nyuma, kushoto na kulia. Jiwe la mviringo si kabari, gari linalipanda au jiwe linateleza. Kwenye kazi yako unanyanyua mbele, basi kabari zote ni za tairi za nyuma, hendibreki juu, P ndani. Siku ukija kufanya breki za nyuma utalazimika kuachia hendibreki ili ngoma ya breki itoke. Hapo kabari za mbele na P ndizo zinazobeba kila kitu, hivyo usizidharau.

Uwanja. Mchanga wa Kigamboni unaufahamu kuliko mimi. Miguu ya stendi ina ncha ndogo, itazama, na haitazama sawasawa pande zote. Fanyia kazi kwenye pevingi, lakini kaziangalie kwanza, kwa sababu pevingi iliyolazwa juu ya mchanga bila kushindiliwa inazama kona moja. Tandika vipande vya marine bodi ya milimita 18, kipana kuliko miguu ya stendi kwa kila upande, na kipande kirefu zaidi chini ya jeki. Kama pevingi yako imemwagwa na mteremko wa kupeleka maji ya mvua getini, na nyingi ziko hivyo, kazi isifanyike hapo. Omba uwanja wa jirani.

Kwa nini jeki nayo iwekewe ubao mrefu? Jeki ndefu ya magurudumu, ile ya mafuta, mkono wake haupandi wima. Unapanda kwa mzunguko, kichwa kinarudi nyuma kadiri kinavyokwenda juu. Kwa hiyo lazima jeki yenyewe itembee kidogo chini ya gari. Kwenye mchanga au kwenye mfereji wa pevingi magurudumu yake yanakwama, na kwa kuwa jeki haiwezi kulifuata gari, kichwa kinaanza kuteleza pale kiliposhika. Utakiona kinakwaruza rangi. Ukiona hivyo shusha, usiseme "bado kidogo".

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari ina kitako chembamba na ilitengenezwa kwa kubadili tairi barabarani, basi. Ya chupa ni nzuri kwa nguvu lakini kitako chake nacho ni kidogo, na chini ya IST mara nyingi haiingii. Azima au nunua ya magurudumu. Na yoyote utakayotumia, ujue jeki ya mafuta inashikilia gari kwa mafuta yaliyozuiwa na sili za raba na kivalvu kidogo. Ukitaka kuamini, chukua jeki ya chupa iliyozeeka, nyanyua gari lenye tairi zake zote bila mtu kulisogelea, piga mstari wa chaki kwenye nguzo pale inapoingilia mwilini, nenda kanywe chai. Ukirudi mara nyingi mstari umezama. Jeki inanyanyua. Kukaa hapo juu ni kazi ya stendi.

Kuna mdau amesema hapo juu kwamba mafundi wa mtaani wanatumia tofali miaka yote na hawafi. Mkuu, wengine wanakufa, ila habari haifiki mjini. Tofali linabeba ukuta kwa sababu uzito umesambaa juu yake lote. Chini ya gari uzito unagusa sehemu isiyozidi upana wa vidole viwili, na hujui fundi tofali alichanganya mfuko mmoja wa simenti kwa tofali ngapi. Chuma kikizidiwa kinapinda, mbao inalia. Tofali halisemi chochote, linapasuka tu. Kama huna stendi kabisa, magogo ya mbao ngumu ya mraba yaliyopangwa kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile, ni bora mara mia kuliko tofali.

Stendi zenyewe utazipata mtaa wa Gerezani, Dar, zinauzwa kwa jozi. IST yote ina kilo elfu moja na ushee na unanyanyua zaidi kidogo ya nusu yake tu, kwa hiyo kwa uzito tani 2 zinatosha. Mimi hupendelea za tani 3 kwa sababu kitako ni kipana zaidi na zinapanda juu zaidi. Dukani usiangalie rangi. Igeuze chini juu, angalia weldi za miguu kama zimeshika mzunguko wote au zimedonolewa tu. Pandisha nguzo ngazi kwa ngazi, jino (kile kishikio kinachoizuia nguzo isishuke) liingie kwa mlio na lisicheze. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwaita wateja warudishe stendi zake za Pittsburgh za tani 3 na tani 6 kwa sababu jino lingeweza kuponyoka uzito ukihama, na mwaka huohuo baadhi ya zile za tani 3 zilizotoka baadaye nazo zikarudishwa kwa kasoro ya weldi. Huko kuna ukaguzi na bado ilitokea, sasa wewe kagua ya kwako kwa mkono. Zenye pini ya kupenya nguzo nzima ndizo ninazozipenda, hata kama pini ni ya ziada tu juu ya jino. Za kuchomelewa mtaani kwa bomba la maji sizipandishii gari.

Pa kushika. Pitisha mkono chini ya ubavu wa gari, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Utagusa ukingo wa bati lililokunjwa unaoning'inia, na ndani yake kuna vijitundu viwili vilivyokatwa kama meno. Katikati ya hivyo vijitundu ndipo bati lilipoimarishwa. Nje ya hapo unabonyeza ubavu. Kichwa cha stendi chenye umbo la V kinaupinda huo ukingo, kwa hiyo weka raba nene yenye mfereji ili ukingo uzame ndani na uzito ukae kwenye raba. Ukitumia ubao, mfereji ukatishe nyuzi za mbao, kwa sababu ukizifuata ubao unapasuka pande mbili. Jeki kwa mbele ipige kwenye krosmemba ya katikati, ile boriti ya chuma kinene inayokatiza chini ya injini. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, usiiguse, wala gia boksi, wala rejeta. Kwa nyuma, ile boriti inayounganisha tairi mbili kwenye IST imetengenezwa ijipinde gari likitembea, mimi sinyanyui katikati yake.

Nati za tairi zilegeze gari likiwa bado chini, nusu mzunguko tu, spana namba 21. Usije kuzipigania hewani. Nyanyua, sukuma stendi zote mbili zikiwa ngazi moja, shusha jeki polepole sana huku ukiangalia, usiachie valvu yote. Miguu yote minne ya kila stendi iwe imegusa ubao. Mkono wa stendi upige chini kwa kiganja ujue jino limekaa.

Halafu litikise. Simama nje, shika bampa na kona ya bonneti, sukuma pembeni, vuta, sukuma mbele, kwa nguvu kuliko utakavyolivuta ukiwa chini. Watu wanaogopa hatua hii wakidhani italiangusha gari. Kama ni la kuanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama nje. Likitulia, rudisha jeki iguse krosmemba bila kunyanyua, na tairi ulizozitoa zilaze chini ya ubavu, moja kila upande, nyuma ya stendi.

Kwa breki pedi hutaingia chini kabisa, unakaa pembeni ya tairi. Stendi bado ni lazima, maana mikono na mapaja yako yatakuwa chini ya fenda. Injini isiwashwe, watoto na yeyote wa kutaka "kutoa kitu ndani ya gari" wasubiri, na mtu nyumbani ajue uko wapi. Simu mfukoni, si juu ya bonneti.

Sasa linki, na hapa ndipo kunyanyua pande zote mbili kunakulipa. Ukinyanyua upande mmoja tu, ile fimbo ya stabilaiza inakuwa imejipinda, linki imebanwa, boliti haitoki na mpya haiingii, unaanza kugonga nyundo juu ya stendi. Pande zote mbili zikining'inia sawa, fimbo inalegea na linki inatoka kwa mkono baada ya nati. Nati ikizunguka na boliti yake, shika kati kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), nyingine zina tundu la alenki kwenye ncha. Nati ikiwa imeshika kutu, ipulizie mafuta ya kulegeza jana yake. Usiingie na bomba refu la kuongezea nguvu gari likiwa juu, maana hapo unalisukuma gari zima. Bora ukate kwa msumeno wa chuma, linki ya zamani unaitupa hata hivyo.

Kushusha: rudisha tairi, kaza nati kwa mkono, hesabu spana zako, nyanyua jeki kiasi cha kutoa stendi, angalia hakuna mguu wala chombo chini, achia valvu kidogokidogo. Kukaza kwa mwisho ni gari likiwa chini, kwa kupishana msalaba, newtonimita 103 kama una spana ya kupima. Kisha kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla hujatoa kabari, kwa sababu pistoni za breki umezirudisha nyuma na mkanyago wa kwanza utakwenda mpaka sakafuni. Baada ya kilomita 50 hivi zikaze nati tena.

Pedi za nyuma kwenye IST nyingi ni viatu ndani ya ngoma. Ukifika huko uliza tena, kuna springi zake zina ubishi wa peke yake.