Mifupa ya Mtoto Mchanga Hupotelea Wapi?

SWALI: Mhariri, mwanangu amefundishwa darasani kwamba mtu mzima ana mifupa 206, lakini muuguzi wa kliniki aliniambia kuwa mtoto huzaliwa na mifupa karibu 300. Hiyo mingine huenda wapi?
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Mwalimu na muuguzi wote wamesema kweli, kwani hakuna mfupa unaopotea: mifupa huungana. Mtoto huzaliwa sehemu kubwa ya kiunzi chake ikiwa bado ni gegedu, laini kama ile ya sikio, na kinachokuja kuwa mfupa mmoja huanza kikiwa vipande kadhaa.

Bila shaka umewahi kumpaka mwanao mafuta kichwani ukahisi utosi ukidunda chini ya vidole. Hapo mifupa ya fuvu haijakutana, na nafasi hiyo, ambayo kwa kawaida huziba kabla ya miaka miwili, huruhusu kichwa kubonyea kidogo wakati wa kuzaliwa na ubongo kukua baadaye. Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, na ni taya la chini tu linalocheza.

Uti wa mgongo huanza na pingili 33. Saba za shingo, 12 za kifua zinazoshika jozi 12 za mbavu (za mwanamume na mwanamke ni sawa, licha ya yanayosemwa vijiweni) na tano za kiuno hubaki mojamoja. Tano zinazofuata huungana kuwa mfupa mmoja mpana kati ya nyonga, na zilizobaki huwa kifandugu, ambacho wengi wetu hukitambua siku tunapoteleza na kukalia sakafu.

Mikono na miguu hurefuka kwa sababu karibu na ncha za mifupa yake mirefu, kama wa paja, kuna bamba la gegedu linalokua hadi ligeuke mfupa. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 FIFA hupiga picha vifundo vya mikono vya wachezaji wa mashindano ya chini ya miaka 17: bamba likiwa limekwisha kuziba kabisa, umri unaotajwa hutiliwa shaka. Mfupa wa mwisho kukamilika ni mtulinga, ambao ncha yake ya upande wa kidari huungana mtu akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu.