Kukandwa mgongo ukiwa na mimba ya miezi 6

Dada, umeuliza kama unaweza kukandwa mgongo na mimba ya miezi 6. Unaweza, mradi mkunga wako ameona mimba haina shida. Ulale ubavu, mto katikati ya magoti. Ukilala chali muda mrefu tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, unaanza kuhisi kizunguzungu. Tumbo lisikandwe. Miguu ipapaswe tu, maana damu ya mjamzito huganda kwa urahisi. Na tafadhali sana: mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usimruhusu mtu auguse, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hatari hiyo ya damu kuganda ipo hata wiki 6 baada ya kujifungua. Ukijifungua kwa upasuaji, kidonda kiachwe kipone kwanza kabla ya kukandwa.