Maswali na Majibu: Marafiki wa kalamu, Moshi na Ujerumani

SWALI: Mhariri, shuleni kwetu tumepata mwalimu mgeni kutoka Tübingen, Ujerumani, atakayekaa miezi mitatu. Anataka wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza waandikiane barua na darasa lake la kule. Mimi nina wanafunzi 62, yeye ana 26. Tuanzie wapi?
Mwalimu wa Kiingereza, Majengo, Moshi

JIBU: Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu ana tiketi ya kurudi. Mipango ya namna hii hufa kwenye barua ya pili, na mara nyingi ni kwa sababu kila kitu kilikuwa mikononi mwa mgeni: anwani, orodha ya majina, hata pesa ya stempu. Kabla ya barua yoyote, mwombe mkuu wa shule ateue walimu wawili wa hapo hapo. Mmoja hatoshi, anaweza kuhamishwa katikati ya mwaka. Upande wa pili pia awepo mwalimu aliyebaki na darasa, asisubiriwe mgeni arudi. Anwani iwe S.L.P. ya shule, kamwe isiwe ya mwalimu binafsi.

Idadi isiwatishe. Msiwaache wanafunzi 36 bila rafiki, wala msiwalazimishe watoto wa kule kuandika barua tatu tatu. Gaweni makundi 26: makundi 16 ya wanafunzi wawili na makundi 10 ya watatu. Huku kila mmoja anaandika ya kwake, kule kila mtoto analijibu kundi lake kwa barua moja inayomtaja kila mmoja kwa jina. Waoanisheni kwa umri, wala msiangalie jina la darasa. Wa kidato cha kwanza wengi wana miaka 13 au 14, na kule huyo yuko darasa la saba au la nane.

Kila mwanafunzi apewe nusu ya karatasi ya A4. Karatasi nzima ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, hivyo barua 62 za nusu karatasi ni gramu 155. Ongeza bahasha kubwa ya A4, mnafika kama gramu 180. Pelekeni bahasha moja posta kuu, ipimwe kaunta, kisha itumwe kwa rejesta. Mkituma bahasha 62 ndogo, mtalipa stempu 62, na hamtajua ipi imefika. Hatari ya bahasha moja ni kwamba ikipotea zimepotea zote, kwa hiyo pigeni picha kila barua kwa simu ya mwalimu kabla ya kufunga.

Kalenda ndiyo inayowakwaza wengi. Mwaka wetu wa masomo huanza Januari, wao huanza Septemba. Jimbo ulipo mji wa Tübingen hufunga shule tangu mwisho wa Julai hadi karibu katikati ya Septemba. Sisi Juni na Desemba tuko likizo. Mkihesabu wiki tatu hadi sita za njiani kwa kila upande, mna nafasi mbili nzuri: barua iondoke mapema Februari ijibiwe kabla ya Juni, halafu nyingine iondoke katikati ya Septemba. Barua mbili kwa mwaka zinatosha. Anayeahidi barua kila mwezi hajawahi kusahihisha madaftari 62. Na kumbukeni kwamba mwakani hawa watakuwa kidato cha pili, wana upimaji wa taifa Novemba. Barua ya Septemba iwe fupi.

Sasa barua yenyewe. Mwalimu akiandika mfano ubaoni, atapata nakala 62 za mfano huo: jina langu fulani, nina miaka 14, naishi Moshi, napenda wali. Mtoto wa Tübingen akisoma tatu za hivyo hana cha kujibu. Ubaoni andikeni maswali, msiandike sentensi. Nyumbani kwenu maji ya mfereji yanafika kwa zamu, na siku ya zamu nani anaamka kufungua? Kwenye kihamba chenu, yaani shamba la nyumbani, kuna nini chini ya migomba? Asubuhi Kibo unaonekana kutoka wapi? Siku ya soko Kiboriloni unatumwa kununua nini? Kila barua iwe na mambo matatu ya kweli ambayo jirani wa dawati hana, na maswali mawili ya kuuliza. Barua isiyo na swali haipati jibu.

Kiingereza ni lugha ya kujifunza kwa pande zote mbili, na hiyo ni nafuu. Sahihisheni yale tu yanayopoteza maana. Kosa moja lisipite: saa. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri huandika kwa Kiingereza kwamba anaamka “11 o’clock”, na kule wataamini watoto wa Moshi hulala mpaka karibu na chakula cha mchana.

SWALI: Binti yangu wa darasa la sita ana rafiki wa kalamu Uingereza kupitia shule. Barua ya mwisho inaomba namba yangu ya WhatsApp ili wawasiliane moja kwa moja. Nimpe?
Mama, Njiro, Arusha

JIBU: Usimpe, mama. Mjulishe mwalimu. Mawasiliano yakitoka mikononi mwa shule, hakuna tena anayejua nani anaandika upande wa pili. Ulizia pia kama uliombwa ridhaa kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, nusu ukurasa, ieleze nini kitatumwa. Jina la kwanza na umri vinatosha. Picha ya uso, jina kamili na mtaa anakoishi mtoto visikae pamoja kwenye barua moja.

SWALI: Wanafunzi wetu wameanza kuomba viatu na simu kwenye barua. Darasa la Ujerumani nalo linataka kututumia boksi la zawadi. Tufanyeje?
Mwalimu, Marangu

JIBU: Msiwachape wala kuwaaibisha. Mtoto ameona nafasi akaitumia. Lakini barua ya kuomba hugeuza urafiki kuwa ufadhili, na mwenye kuombwa akishindwa kutoa huacha kuandika kwa aibu. Walimu wa pande zote wakubaliane kwa maandishi: hakuna kuomba, hakuna pesa ndani ya bahasha, hakuna zawadi kwa mtoto mmoja. Kama shule ina shida ya kweli, mkuu wa shule aandike barua yake mwenyewe, nje ya mpango huu.

Boksi lina gharama. Kitu chochote kisicho karatasi kinahitaji tamko la forodha, kwa kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2 ni fomu ya CN22, na ushuru ukikadiriwa anayelipa ni mpokeaji. Mwaombe watume vitu bapa: ramani ya mji wao, michoro, tiketi ya basi iliyotumika, ratiba ya vipindi. Nanyi vivyo hivyo. Mbegu, majani mabichi na ngozi msitume, huzuiwa kwenye ukaguzi. Hata kahawa iacheni, ingawa mkono unawawasha: Ujerumani ina kodi yake ya kahawa, euro 2.19 kwa kilo ya iliyokaangwa.

SWALI: Tulituma bahasha kwa rejesta, miezi miwili sasa kimya.
Mwalimu wa taaluma, Arusha

JIBU: Tafuteni risiti. Namba yake ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Nendeni nayo posta mlikotumia muulize iliishia wapi, na mpeni namba hiyo hiyo mwalimu wa kule aulize kwao. Kagueni pia anwani mliyoandika. Ujerumani namba ya nyumba hufuata jina la mtaa, na tarakimu tano za posta hutangulia jina la mji. Wao wakiwaandikia, wasiweke jina la barabara, maana huku barua hungoja sandukuni. Watosheke na jina la shule, S.L.P., Arusha, na TANZANIA kwa herufi kubwa peke yake mstari wa mwisho. Mwandiko mbaya unaweza kuzipeleka barua Tasmania, kisiwa cha Australia.