Makalio ya Istanbul: usikimbilie kurudi

Dada, umesema unakwenda Istanbul kuongezwa makalio kwa mafuta ya tumbo, kisha urudi Dar baada ya siku nne. Siku nne ni chache mno! Mdogo wangu nilimuuguza mwenyewe: wiki mbili hakukalia makalio, akilala kifudifudi, nguo ya kubana haivuliwi ila kuoga. Uvimbe wa mwanzo hudanganya. Sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili, umbo halisi utaliona baada ya miezi. Muulize daktari kama anatumia altrasaundi anapodunga mafuta, maana mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa damu huziba mapafu, na hiyo huua. Ukikosa pumzi, kifua kikibana au mguu mmoja ukivimba, kimbia hospitali saa hiyohiyo.