Muhula Unaisha, Narudi: Msiniambie Nijilipue

Tangu Februari iingie, kila anayenipigia simu huku Ujerumani kutoka nyumbani ana neno moja: muhula ukiisha, usirudi. Baba mdogo anasema nimeokota dodo chini ya mnazi na sasa nataka kulitupa. Wenzangu wa darasani Dar wananisimulia habari za mtoto wa jirani aliyejilipua Ulaya, yaani aliyeomba ukimbizi kwa hadithi ya uongo, na leo ana ghorofa Kigamboni. Shangazi, kwa upole wake, ameniuliza kama sijapata mtu wa kunioa ili nipate makaratasi ya kuishi huku. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nawajibu wote. Narudi.

Habari za baridi mmeshazisikia, na giza la saa kumi jioni hapa Leipzig mwezi Desemba nimeshawatumia picha. Kinachoniuma ni jinsi mnavyozungumzia makaratasi kama kitu ambacho mtu anaamua tu.

Kadi yangu ya ukaazi ni ya masomo ya kubadilishana wanafunzi, na inaisha pamoja na muhula, Machi 31. Nikitaka kubaki kihalali, lazima chuo kinipokee kwa shahada kamili, na kozi nyingi za shahada ya kwanza ni za Kijerumani, tena Kijerumani cha kusomea, siyo hiki changu cha kununulia mkate. Halafu lazima nioneshe nitaishi kwa nini. Asiye na ufadhili anatakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, na kila mwezi anaruhusiwa kutoa euro 992 tu. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Baba mdogo, unazo?

Mnasema basi nijilipue. Nijilipue kwa jina la nani? Alama za vidole vyangu vyote kumi walizichukua palepale Umoja House, kwenye ubalozi wa Ujerumani Dar. Wana picha yangu, nakala ya pasipoti yangu, na barua ya chuo inayosema natoka wapi na nasoma nini. Nitawaambia mimi ni Mrundi? Na hata ukiwa na sababu ya kweli ya kuomba hifadhi, unapelekwa kwenye kituo cha mapokezi, unalala chumba kimoja na watu usiowajua, miezi ya mwanzo huruhusiwi kufanya kazi, na unasubiri. Wapo waliokimbia vita wanaosubiri hivyo. Mimi sijakimbia kitu. Nimewaacha mama na wadogo zangu wazima, nyumba ipo, nafasi yangu chuoni ipo.

Kuna kaka mmoja hapa, sitasema anatoka wapi. Yeye alisikiliza ushauri kama wenu. Ombi lake lilikataliwa siku nyingi, na sasa anatembea na karatasi inayoitwa Duldung, yenye mstari mwekundu uliokatiza kama kitu kilichofutwa. Karatasi hiyo inasema tu kwamba kwa sasa hawatamrudisha kwao. Kila baada ya miezi michache anakwenda kuiongeza muda, na usiku wa kuamkia siku hiyo halali. Akivuka mpaka, imekufa. Novemba alifiwa na mama yake. Tulijazana chumbani kwake, simu akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, mtandao unakatika kila dakika. Tukaona jeneza likitolewa nje, tukasikia mzee mmoja akiuliza kwa sauti, "Huyu mkubwa hajafika bado?" Hakuna aliyemjibu. Jioni hiyo hiyo ujumbe ukaanza kuingia: pesa za turubai, pesa za mchele, na arobaini inasubiri mkono wake. Akavaa koti akaenda zamu ya usiku. Na ndiyo, kwao amejenga. Nyumba nzuri, vigae vyekundu. Hajawahi kulala ndani yake.

Sasa mkinitajia ghorofa la Kigamboni, mimi namuona yeye.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Kima cha chini cha mshahara hapa mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na mkizidisha kwa shilingi mnaona utajiri. Msizidishe kabla hamjatoa. Toeni kodi ya chumba cha hosteli, toeni bima ya afya ambayo peke yake inazidi euro 140 kwa mwezi, toeni chakula. Mwanafunzi anaruhusiwa siku 140 nzima za kazi kwa mwaka. Mimi nimeosha masufuria kwenye mgahawa, kwa kibali, na ile laki mbili ya Krismasi ilitoka humo. Nilifurahi kuituma. Ila mama, aliyekwambia ni ndogo kwa mtu wa Ulaya, mwambie aje aniulize mwenyewe.

Wadogo zangu, hizi nafasi ziombeni. Msisikilize anayewaambia Ulaya ni mateso matupu. Nimekaa maktaba mpaka usiku wa manane, na kitabu nilichokitaka nimekipata. Kama una kazi ya kueleweka nyumbani na unataka kuiacha uje kubahatisha, usije. Ukija kusoma, usifanye kazi wakati wa mitihani; lakini simu ya ada ya mdogo wako ikija, utafanya tu, najua, basi uwe unalala. Na ukimaliza, rudi. Chuo chetu kinapata nafasi chache mno za mpango huu. Nikipotea mimi, binti wa mwaka wa pili anayejaza fomu sasa hivi ndiye atakayekaa mbele ya dirisha la ubalozi akiulizwa kwa nini wao wamwamini.

Nimebakiza insha moja ya kukabidhi mwishoni mwa Machi, kujifuta kwenye daftari la wakazi la manispaa, na kurudisha chumba cha hosteli. Chumba kinanitisha kuliko insha. Jirani yangu Mmisri amekatwa sehemu ya amana yake kwa sababu ya chokaa kwenye bomba la bafu. Msimamizi aliinama akaikwangua kwa kucha, akaandika. Kwa hiyo nasugua na siki kila jioni.

Shangazi, matokeo yakija ukaona 1.7, usilie. Huku namba ndogo ndiyo kufaulu, 5.0 ndiyo kufeli. Kwa matokeo hayo nitaomba shahada ya pili nikiwa Dar, na nikipata nitarudi huku kwa mlango wa mbele. Anayetaka tuombe pamoja anione mapema mwezi wa nne: vyuo vingi vinafunga maombi ya muhula wa Oktoba Julai 15, na kuthibitisha vyeti tu kunakula wiki.